Robo ya pesa, kazi ile ile

Nyie mnaosema wanawake wa soka walipwe kidogo sababu hawajazi uwanja, hii habari ya timu ya wanawake ya Marekani kushtaki shirikisho lao walipwe sawa na wanaume mmeisoma mpaka chini kweli? Mabingwa wa dunia mara nne wale, na bado kesi ikaburutwa toka 2019 mpaka 2022 ndo shirikisho lao likakubali kutoa dola milioni 24. FIFA nao zawadi za Kombe la Dunia la wanaume Qatar 2022 zilikua dola milioni 440, za wanawake mwaka uliofuata milioni 110. Robo! Huku kwetu Malindi hata hatujafika kwa hela, wasichana wangoja wavulana wamalize ndo wapate uwanja, jezi za kurithi zawafika magotini, wakipiga mpira kidogo tu adhana ya magharibi hiyo. Sa hao mashabiki waje saa ngapi?