Tangi la Pili Lije Kabla ya Samaki

Alfajiri ya Jumatatu, kabla sijawasha taa ya tangi, nilimwona kangaja, samaki wangu wa mapambo, akijisugua ubavu kwenye jiwe. Anakwenda mbio, anajipinda, anajikwaruza, kisha anarudi pale pale. Nikammulika kwa simu. Kwenye lile pezi lake la manjano la mgongoni palikuwa na chembe nyeupe sita, kila moja kama punje ya chumvi iliyonata. Kufikia Jumatano zilikuwa zimemjaa hadi mkiani, na mashavu yalipanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka kukimbia.

Amjuaye kangaja huyu hahitaji nimsifie: mwili wa samawati, uso mweusi, koo jeupe. Ukiogelea Watamu au Kisite siku maji yametulia utamwona akichuna mwani juu ya miamba. Wangu alinaswa na mzamiaji kwa wavu, akatiwa kwenye mfuko wa plastiki, akapita mikono miwili mitatu mpaka akafika sebuleni kwangu hapa Mombasa. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hudhani samaki wa mapambo huzalishwa kwenye mabwawa kama sato. Wa maji baridi, wengi ni hivyo. Wa maji ya chumvi, walio wengi bado hutolewa baharini wakiwa hai. Huyu alikuwa na mwamba wake. Mimi ndiye niliyemleta kwenye kioo cha lita 400, na akiugua humo, wa kuulizwa ni mimi.

Nilimpigia simu aliyeniuzia. Akaniambia ana chupa ya dawa: "Mimina vifuniko viwili, keshokutwa utamwona mzima." Hakuniuliza tangi lina lita ngapi wala mna viumbe gani wengine ndani. Nami sikumuuliza chupani mna nini. Ilikuwa ni shaba. Jioni ile konokono walianza kudondoka kutoka kwenye kioo, mmoja mmoja, tk, tk, na asubuhi nikawakuta kamba wangu wawili wekundu wamelala ubavu, miguu imekunjamana. Shaba huua kimelea cha samaki, kile kijidudu kinacholeta chembe hizo, lakini huua pia kamba, konokono, kaa na matumbawe. Tena mawe na mchanga wa tangi huinyonya. Kwa hiyo dawa iliyo majini hushuka chini ya kiwango cha kutibu, na sumu inabaki humo kwenye mawe. Kangaja hakutibiwa, na waliokuwa wazima wakafa.

Siku ya tatu chembe zikapotea. Nilifurahi mno, hata nikawaambia watu nyumbani kwamba amepona. Hapa ndipo samaki wengi wanapopotea, na naomba msomaji aniruhusu nikae kidogo. Kimelea chenyewe wataalamu hukiita Cryptocaryon irritans. Hukaa chini ya ngozi ya samaki siku chache, 3 hadi 7, kikimla, kisha hudondoka chenyewe. Kikifika mchangani hujifunga ganda, na ndani ya ganda hilo hugawanyika na kugawanyika tena. Siku zao zikitimia, na huenda zikawa wiki kadhaa, wanatoka wachanga kwa mamia wakimtafuta samaki wa kumwingia. Kilicho ndani ya ganda, shaba haikiwezi. Kilicho chini ya ngozi, haikifikii. Hukipata wakati mmoja tu, kinapoogelea wazi, na muda huo hauzidi siku moja au mbili. Sisi tuliokulia na malaria hatupaswi kushangaa: homa hupoa mchana, mgonjwa akaomba uji, na usiku baridi ikamrudia. Zile chembe zilipopotea zilikuwa zimeshuka tu kwenda kuzaliana. Siku ya kumi na moja zilirudi, na safari hii hata wale samaki wangu wawili wadogo wa mistari walikuwa nazo.

Na kwa kuwa nimeitaja malaria: klorokwini, ile ile iliyotukunisha usiku kucha utotoni kabla Kenya haijaacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 1998, ni miongoni mwa dawa za kutibia kimelea hiki. Lakini inayotumika ni dawa safi ya unga, iliyopimwa kwa miligramu. Usiponde vidonge vya duka la dawa ukavitia majini. Vina vitu vingine vya kuvishikisha, na hujui unamnywesha nini.

Nilipata pia ushauri wa kitunguu saumu. Kukichanganya na chakula huenda kukamfanya samaki aliyegoma ale, na kula ni jambo kubwa kwa mgonjwa, sikatai. Ila kitunguu saumu hakikiondoi kimelea. Nimewaona watu wakikaa nacho wiki mbili, samaki anakonda, wao wanasema anaendelea vizuri kwa sababu chembe leo hazionekani.

Usiku wa siku hiyo ya kumi na moja ndipo nilipofanya nilichopaswa kukifanya tangu siku ya kwanza. Nilichukua tangi la kioo la lita 80, nikaliweka chumba cha nyuma. Hakuna mchanga, hakuna jiwe, ni vipande vinne vya bomba la plastiki la fundi maji ili samaki wapate pa kujificha, pampu ya hewa, na chujio la sponji. Samaki wote watatu wakahamia humo, na shaba nikaitia humo. Wote, maana ukimhamisha mgonjwa mmoja ukawaacha wenzake, kimelea kitaendelea kula kwa hao.

Tatizo likawa sponji. Ilikuwa mpya. Kinachosafisha maji ni bakteria wanaokaa ndani ya sponji na kugeuza amonia ya mkojo na kinyesi kuwa kitu kisichodhuru sana, na bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga. Mimi nilikuwa na saa moja. Siku ya pili kipimo cha amonia kilikuwa kimeshageuka kijani, na katika maji ya bahari amonia huwa kali zaidi kuliko katika maji ya mto, kwa sababu maji ya bahari yana alkali zaidi. Nilibadilisha robo ya maji asubuhi na robo jioni kwa siku kumi na mbili, ndoo kwa ndoo, na kila ndoo niliirudishia shaba kwa kipimo chake.

Ndiyo maana nasema tangi la pili linunuliwe kabla ya samaki wa kwanza. Si lazima liwe la gharama. Beseni kubwa la plastiki linatosha. Sponji yake ikae nyuma ya tangi kuu tangu mwanzo, ikusanye bakteria, ingojee. Na kila samaki mpya apitie humo wiki nne kabla hajawaona wenzake. Kama ningelifanya hivyo, huenda kimelea kisingeingia kabisa, kwa sababu hakizaliwi na joto wala na umeme kukatika. Huletwa. Joto la Machi na pampu iliyozimika usiku kucha humdhoofisha samaki ashindwe kupigana nacho, basi. Muuzaji anayekuuzia kangaja bila kukuuliza utamtenga wapi hakutendei haki, wala huyo samaki.

Kuhusu kipimo niseme wazi, maana hapa watu huua. Shaba za dawa si za aina moja. Ile ya kawaida hutibu kwenye miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita. Ile iliyofungwa na kemikali nyingine isichangamke upesi mara nyingi huhitaji kama 2 hadi 2.5. Ukitumia ya kwanza kwa kipimo cha pili umemtia samaki sumu mara kumi. Soma chupa, nunua kipimo cha shaba kinacholingana na dawa uliyo nayo, na upime kila siku. Kifuniko si kipimo.

Mama alinikuta usiku mmoja nabeba ndoo, akaniuliza, "Mwanangu, si umrudishe tu baharini? Kwao si pale?" Nilikaa naye jikoni nikamweleza. Ni swali la huruma, na nililifikiria sana kabla hajaniuliza. Lakini samaki aliyekaa tangi moja na samaki wa kutoka mbali hujui amebeba nini, na mwamba hauna chumba cha nyuma cha kumtengea. Nikamtajia yule samaki wetu mwenye miiba ya sumu na mapezi kama manyoya ya jogoo, Waingereza humwita lionfish. Hapa kwetu ni mwenyeji. Florida alionekana mwaka 1985, na wataalamu wengi wanaamini alitokana na watu waliomwaga samaki wao wa nyumbani. Leo amejaa Karibiani, anakula samaki wachanga wa miamba isiyomjua. Mama akanyamaza, kisha akashika ndoo upande wa pili.

Samaki walikaa kwenye shaba siku 30. Mmoja wa wale wa mistari alikufa siku ya sita, amonia ikiwa juu, na kifo hicho nakihesabu juu yangu. Wawili waliobaki wanaishi sasa katika maji yasiyo na dawa, chumba kile kile. Tangi kuu liko tupu bila samaki hata mmoja. Wafugaji wengi huhesabu siku 76 ili kila ganda lifunguke na kila kilichotoka kife kwa kukosa wa kumwingia. Maji yake nayabadilisha na kuyachuja kwa mkaa ili shaba ipungue. Wageni wakija huniuliza kwa nini nawasha taa juu ya mawe matupu.

Leo ni siku ya 53 kati ya hizo 76. Asubuhi nilibana kipande cha mwani mkavu kwenye kioo cha chumba cha nyuma, kangaja akatoka kwenye bomba, akazunguka mara moja, akauchuna mpaka kibanio kikabaki peke yake. Pezi lake la manjano halina chembe hata moja. Nilimmulika kwa simu pande zote mbili.