Mlango Ulioposwa na Nyuki

Tabora unaweza kumdanganya mtu kwa mambo mengi, lakini si kwa mninga. Watu wamelalia vitanda vya mninga tangu wananyonya. Kwa hiyo Shangazi yangu wa Isevya aliponiambia anataka mlango wa mbele uonekane wa mninga kabla washenga wa binti yake hawajafika, nilijua hiyo kazi ni ya kichwa, siyo ya rola.

Mlango wenyewe ulikuwa wa msonobari wa Mufindi, mweupe, umejaa macho. Bei ya mninga wa kweli haizungumziki na mtu aliye katikati ya maandalizi ya posa. Nami nilikuwa nimeshajifunza kwenye simu namna ya kuchora nyuzi za mbao ya gharama juu ya mbao ya kawaida, sanaa ambayo Wazungu wameihangaikia kweli. Kuna fundi wa Uingereza, Thomas Kershaw, aliyechukua tuzo kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851 kwa mbao na marumaru za uongo. Hata nyumba ya George Washington kule Mount Vernon, zile kuta za nje unazodhani ni mawe ni mbao za msonobari, zikapakwa rangi na kurushiwa mchanga ingali mbichi. Nikamweleza Shangazi yote hayo. Akauliza, "Huyo Washington naye alikuwa anaozesha?"

Mafundi wa zamani wa kule walikoroga rangi ya unga na bia iliyochacha. Shangazi ni Hajati. Neno bia nililimeza kabla halijafika menoni. Njia nyingine ni siki na sukari. Siki inalainisha, sukari inashikisha, na ukiona mstari haujakupendeza unafuta kwa kitambaa kibichi na kuanza upya. Ukimaliza unapiga vanishi juu, maana bila vanishi rangi hiyo inaondoka na maji.

Shangazi akalitazama kopo la sukari ya wageni, akanitazama mimi, akaingia stoo na kutoka na dumu la asali ya Sikonge.

"Hii siyo tamu?"

Ni tamu, Shangazi. Utambishia nini mwenye nyumba?

Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya mafuta ya manjano yaliyofifia, nikaiacha ikauke kabisa. Juu yake nikapaka ule mchanganyiko wangu wa hudhurungi. Kifaa cha kuchorea, wenzetu wananunua dukani. Mimi nilichukua soli ya kandambili nikaichonga mifereji kwa wembe. Ukiiburuta huku unaibinua taratibu, zinatoka zile duara ndefu za moyo wa mti. Pembeni unapitisha chanuo, michirizi myeusi unaichora kwa unyoya wa jogoo, kisha brashi kavu inapooza ukali wote. Jamani, ulitoka! Jirani yetu seremala, mtu ambaye hajawahi kusifia hata pilau ya harusi, alisimama, akaupiga konzi, akasikiliza. "Mh," akasema. Kutoka kwake, "mh" ni cheti.

Ikabaki vanishi. Kumbe hela ya vanishi ilishanunua nyama. "Wageni hawali vanishi," Shangazi akasema. "Utapiga wakishaondoka." Naomba hapo pakumbukwe na wote wanaoisimulia habari hii mtaani kwa namna yao.

Sukari ikikauka inakuwa ngumu. Asali haina habari hiyo; inanyonya unyevu wa hewa na kuendelea kunata. Asubuhi sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kizingiti mpaka kitasa, tena wakifuata nyuzi zangu, heshima ambayo hata Kershaw nadhani hakuipata. Mtoto mmoja wa jirani alikuwa anazunguka uani na ulimi wa hudhurungi. Halafu wakaja nyuki. Kiangazi kilikuwa kikali, miombo haijachanua, na nyuki akionja kitu kizuri anarudi kwao kuwachezea wenzake ngoma ya kuwaonyesha uelekeo. Wenzake waliielewa vizuri sana.

Washenga walipopiga hodi, mlango ulikuwa umevaa nyuki. Mimi nilikuwa nje, nimeshika kanga, sina mpango wowote. Kiongozi wao, mzee mfuga nyuki, akanyoosha mkono: "Msiwaguse. Nyuki aliyekuja kula hana ugomvi. Ugomvi wake uko kwenye mzinga wake."

Tukatulia. Tatizo ni kwamba Shangazi alikuwa ndani na hakuisikia hotuba; alisikia hodi tu. Akafungua kwa bashasha, "Karibuni!", akaona, akaubamiza.

Nyuki akipondwa hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, inanukia ndizi mbivu. Niliisikia. Mzee naye aliisikia, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Mshenga mwenye barua akaitupa bahasha ili mikono ipate nafasi, akakunja kanzu na kupita juu ya ua wa michongoma bila kuugusa. Bahasha ikatua mlangoni, ikaganda palepale, katikati ya jicho la mti nililolichora kwa kidole gumba.

Shangazi akachungulia dirishani. "Posa tumeipata!" akapaza sauti. "Rudini jioni tuisome!"

Jua lilipozama nyuki wakaenda kwao. Nikachukua ndoo ya maji ya moto, na mninga wote ukateremka kizingitini ukaelekea barabarani, mbele ya seremala. Washenga wakarudi, mmoja mdomo umevimba hata "waalaikumu salaam" yake tuliipokea kwa kukisia. Barua ikasomwa, ikakubaliwa, pilau ikaliwa.

Wakati wa kuaga, yule mzee akanivuta pembeni. Ana mizinga mipya porini, akasema, imekaa muda mrefu na nyuki hawataki kuingia. Je, ningeweza kwenda kuipaka? Ila siki nitoe, asali nitoe, niweke nta.

Nikamwuliza hiyo mizinga imechongwa kwa mti gani.

"Mninga," akajibu, wala hakucheka.