Fremu ya baiskeli haizeeki kwa kalenda

Ukiuliza fremu hudumu miaka mingapi, utapewa namba isiyokusaidia. Fremu huchoshwa na mizigo. Kila unapokanyaga pedeli kwa nguvu au gurudumu linapoingia shimoni, metali hupinda kidogo na kurudi. Chuma, mizigo ikiwa chini ya kiwango fulani, huvumilia hali hiyo karibu bila kikomo. Alumini haina kiwango hicho, ndiyo maana paipu zake hutengenezwa nene na pana ili zisipinde sana. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema fremu ya alumini ni ya kutupwa baada ya miaka mitano. Ikiwa imeundwa vizuri, hudumu zaidi ya hapo.

Chuma huuawa na kutu, tena ya ndani. Maji hupenya kwenye paipu ya siti, yakashuka hadi kwenye ekseli ya pedeli, yaani kitovu cha chini ya fremu ambamo mikono ya pedeli huzungukia, na kutuama. Angalau mara moja kwa mwaka chomoa nguzo ya siti, pindua baiskeli maji yatoke, pangusa, kisha paka grisi. Grisi hiyo pia huzuia nguzo ya alumini isigandane na fremu ya chuma. Zikishagandana, mara nyingi nguzo hukatwa kwa msumeno, na fremu nzima huponea chupuchupu.

Nyufa zina mahali pake: chini ya paipu ya chini inapoungana na shingo ya usukani, kuzunguka ekseli ya pedeli, na pale siti inapobanwa, hasa nguzo ikipandishwa kupita alama ya mwisho. Osha fremu, pitisha kitambaa cha pamba kwenye maungio. Nyuzi zikinasa, mulika tochi. Huenda ni rangi tu iliyopasuka, kwa hiyo ikwangue uone kama ufa umeingia kwenye metali. Ukiingia, usiipande tena.

Fremu ya chuma fundi hodari anaweza kuichomelea. Alumini ya 6061, aina inayotumika sana kwenye fremu, ni habari nyingine: joto la kuchomelea hulegeza metali kandokando ya kiungo, na bila kupitishwa tena kwenye tanuri maalumu, inaweza kukatika kandokando ya kiungo hicho.

Fremu ya kaboni, yaani matabaka ya nyuzi za kaboni yaliyogandishwa kwa gundi, huogopa zaidi pigo na kukazwa kupita kiasi; fuata kipimo cha Nm (nguvu ya kukaza bolti) kilichoandikwa kwenye kibanio. Baada ya kuanguka, igonge taratibu kwa sarafu ukilinganisha pande mbili. Mlio mkali ukigeuka butu upande mmoja, huenda matabaka yameachana ndani, na lazima ikaguliwe na mtaalamu kabla ya kupandwa.