Manowari iliyopewa kazi ya kuchota tope

Mwaka 1883 London ilifanya maonyesho makubwa ya uvuvi. Thomas Huxley, mwanabiolojia ambaye neno lake lilikuwa zito Uingereza nzima, alisimama akasema kwamba uvuvi mkubwa wa baharini, ule wa heringi na wenzake, pengine haumaliziki. Mwaka huohuo, ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, boti ya mizinga ya Denmark iitwayo Hauch ilimbeba kijana wa miaka ishirini na kidogo, C. G. Joh. Petersen, aliyekuwa akiinamia rundo la tope.

Mimi niko upande wa yule wa kwenye tope.

Hauch ilikuwa manowari ndogo ya mvuke ya miaka ya 1860, muongo ambao Denmark ilipigana na Prussia na Austria, ikashindwa mwaka 1864 na kupoteza majimbo ya Schleswig na Holstein. Boti ya namna hiyo, vita vikishakwisha, hubaki inakula makaa ya mawe na mishahara. Wadenmark wakaipa kazi nyingine. Kuanzia 1883 hadi 1886 ikawa inazunguka Kattegat, bahari iliyo kati ya Denmark na Sweden, na bahari zao nyingine za ndani ya Skagen, ncha ya kaskazini ya Denmark, ikiteremsha wavu wa kukokota sakafuni, ikiuvuta, ikiupandisha sitahani. Tope likioshwa kwenye chekecheke vinabaki vidude: kome, chaza, viti vya pweza, minyoo. Unaandika ni wapi, kina gani, chini pana mchanga au matope. Kisha unasogea, unaanza upya.

Kazi ya kuchosha, na wala haina picha nzuri ya kuweka ukutani. Lakini vidude hivyo ndivyo chakula cha samaki bapa, jamii ya gayogayo, ambao Wadenmark walikuwa wakiwauza. Huwezi kujua shamba litalisha ng'ombe wangapi kama hujui limeota majani gani. Matokeo yalipochapishwa, jina la kitabu lilianza na mavuno ya kisayansi ya safari za boti ya mizinga Hauch. Mavuno! Sijui manowari nyingine ngapi zinaweza kuandikiwa neno hilo.

Mwaka 1889 Denmark ikaanzisha Kituo cha Biolojia, Petersen akawa mkuu wake, na makao yake yakawa tena ndani ya chombo kikuukuu cha jeshi la majini, kikihamishwa kutoka hori moja la bahari hadi jingine. Huko akavisha samaki alama na kuwarudisha majini, aone wangapi watarudi nyavuni. Hesabu ya kukadiria idadi ya wanyama kwa njia ya alama hadi leo ina jina lake.

Ila lililonigusa mimi ni jambo dogo zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Petersen alionyesha kwamba ukipima urefu wa samaki wengi wa aina moja na kuuchora, mchoro unatoa vilima kwa umri: kilima cha waliozaliwa mwaka huu, cha wa mwaka jana, cha wa mwaka juzi. Ulaya wana njia nyingine pia ya kujua umri, ya kuhesabu pete za mwaka kwenye vijiwe vya sikio la samaki, kwa sababu baridi huzuia ukuaji na kuacha mstari. Kwetu Ziwa Victoria hakuna baridi ya kuchora mstari ulio wazi. Kwa hiyo tunapima urefu.

Niliwahi kukaa wiki kadhaa kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria na ubao wa kupimia samaki. Unamlaza sato, mdomo ukigusa kizuizi, unamnyoosha mkia, unasoma, unataja namba. Mwenzako anaandika kwenye karatasi iliyolowa. Mama mmoja mchuuzi aliniuliza, "Mwanangu, unampima unamshonea suti?" Nikacheka, nikampima mwingine. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa naendeleza kazi ya mtu aliyeanzia kwenye boti ya mizinga.

Katika wiki hizo boti ya doria ilikuja mara tatu. Ilikuja na mafuta ya kutosha, na watu wenye bunduki. Makokoro, zile nyavu za kukokota zilizopigwa marufuku, yakachomwa pale ufukweni, moshi mweusi, watoto wakikohoa. Boti ya utafiti haikuja hata mara moja. Tuliambiwa hakuna fedha ya mafuta.

Sisemi doria ifutwe. Kokoro linakomba vichanga, nimevipima mwenyewe. Ninachokataa ni ile "hakuna boti". Boti ipo, imewashwa, ina nahodha anayelijua ziwa kuliko mimi, na ina nafasi ya mtu mmoja mwenye ubao na ndoo. Wadenmark hawakusubiri wafadhili wawaundie meli mpya yenye maabara. Walitumia ile iliyokuwapo, mabaharia walewale waliofunzwa kulenga adui wakavuta wavu wa tope.

Najua jibu litakuwa nini: usalama, bima, mtafiti si askari. Petersen naye hakuwa askari. Kwa kuanzia naomba safari moja tu, mara moja kwa mwezi, na samaki wanaokamatwa na makokoro wapimwe kabla ya mtu kuwasha kiberiti.