Makumbi ya bibi

Mimi mtu wa Iringa bwana, lijueni hilo kabla hamjanihukumu. Kwetu kuna baridi, mahindi na ulanzi, nazi nlikuwa naijua ikishakunwa basi.

Sasa nafanya kazi hoteli moja huku Jambiani, pwani ya Unguja, nimepanga chumba kwa bibi mmoja, na kila nikitoka kazini namkuta uani kainama peke yake, nampa wimbo wangu ule ule, shikamoo bibi, nikipata ofu ntakuja nikusaidie usafi. Marahaba mwanangu, inshaallah. Miezi minne hiyo. Na ofu napata kila wiki, nalala.

Jumapili moja nikadandia gari ya mjini alfajiri niwahi ibada kanisa la Anglikana la Mkunazini. Padri akafungua Yakobo sura ya 2, pale mwenzio hana nguo hana chakula we unamwambia nenda salama, kaote moto, ushibe, na hata kipande cha muhogo hujampa. Nikaona kabisa natajwa mimi na chumba changu. Nlikaa nyuma kule kwenye zile nguzo walizozisimamisha kichwa chini miguu juu wakati wa ujenzi, Askofu Steere mwenye kulijenga kanisa yuko safari, kurudi kazikuta akaziacha hivyo hivyo mpaka leo. Ningekuwa na akili ningeziangalia vizuri siku ile, lakini roho ishawaka.

Jumatatu ofu, bibi kaenda arusini Makunduchi. Nikasema leo leo.

Uani kulikuwa na rundo la vitu vyeusi vinanuka jamani, harufu ya yai bovu lililolala na samaki, nikavuta kimoja na vidole viwili kikachuruzika maji meusi mpaka kwenye kiwiko. Pembeni juu ya gunia kumeanikwa manyuzi manyuzi makavu ya rangi ya kahawia, nikajua godoro limepasuka huyu mzee wa watu kashindwa kulitupa. Toroli tano mpaka jaani. Manyuzi nikayaweka chini, mafuta ya taa, kiberiti. Yaliwaka hayo! Naimba na tenzi kabisa.

Bibi anarudi magharibi na buibui lake la arusi, akasimama katikati ya uwanja msafi unang'aa.

"We Iringa. Makumbi yangu yako wapi?"

Ndo nikaelezwa. Yale ni makumbi ya nazi, yamefukiwa ufukweni miezi na miezi yaoze, kafukua kwa mikono yake, anayaponda apate usumba, usumba ndo anasokota kamba auze. Lile godoro langu ndo usumba wenyewe, mzigo wa kamba ya watu walioshaagiza. Bibi hakupiga kelele, bora angepiga. Akaenda akatazama jaa linavyofuka moshi akasema tu, "Haya, moto nimeota."

Na Yakobo hajawahi kumsoma yule!

Nikaomba nilipe kwa kazi. Makumbi mapya nikayabeba mwenyewe, maji yakipwa nikashuka nayo pwani, nikachimba shimo, nikafukia, nikapanga mawe juu yasichukuliwe na maji. Kazi ya kina mama ile, hakuna mwanamme hata mmoja, wakaja na watoto wao kunitazama, mmoja kaweka ndoo chini kabisa ili acheke vizuri. Shimo nikaliwekea alama, kijiti na kitambaa chekundu.

Miezi ikapita, bibi akasema tayari. Nikatangulia mbio na jembe kumfurahisha, kijiti hakipo, bahari si imeshaondoka nacho zamani, lakini mawe nikayajua, mawe yangu yale, nikafukua shimo zima nikaosha nikabeba mpaka uani natweta. Kumbe ya mama wa nyumba ya tatu, na yalikuwa bado hata hayajaoza vizuri.

Kelele za siku ile niacheni. Walipoondoka bibi akanikalisha kwenye kibao cha mbuzi, akanipa kikombe cha chai ya mchaichai, akanigusa bega kwa upole kabisa.

"Mwanangu, Jumapili si unakwenda kanisani kwenu?"

"Nakwenda bibi."

"Basi we niombee dua tu. Yatosha."