Kuku wa Maskini wa Pullman: Mwewe Ni Nani?

Wahenga walimsikitikia kuku wa maskini: hatagi, akitaga haangui, akiangua haleli, akilea huchukuliwa na mwewe. Sidhani kama walikuwa wanaifikiria timu ya Chuo Kikuu cha Washington State, lakini sijapata maelezo mafupi kuliko hayo ya namna ilivyo kuishabikia.

Kwa asiyefuatilia mambo haya: michezo ya vyuo vikuu Marekani si bonanza la wanafunzi la Jumamosi jioni. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huketisha zaidi ya watu 107,000, na wanaotazamwa ni vijana wa miaka ishirini hivi wakicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi. Juu kabisa wako wakubwa wachache ambao kila msimu hutarajia ubingwa, kina Alabama na Ohio State. Chini wako mamia wasiojulikana nje ya mtaa wao. Hapo katikati ndipo yalipo mateso. Timu ya katikati ni nzuri kiasi cha kukupa matumaini, wala si nzuri kiasi cha kuyatimiza. Shabiki wa Mtibwa Sugar au wa Coastal Union ya Tanga hahitaji kuelezwa zaidi.

Washington State iko Pullman, mji wa mashamba ya ngano karibu na mpaka wa jimbo la Idaho. Kutoka Seattle, wanakoishi wahitimu wake wengi, ni kilomita 460 hivi, na lazima uvuke milima ya Cascade. Uwanja wake una viti karibu 33,000, na mji wenyewe una wakazi karibu idadi hiyohiyo. Rose Bowl, mechi ya heshima ya Mwaka Mpya huko California, waliishinda 1916. Tangu hapo wamerudi mara tatu, na mara zote tatu wamepoteza. Timu inaitwa Cougars, na watu wa huku wamelifanya jina hilo kuwa kitenzi: "ku-coug" ni kulidondosha tonge lililokwisha kufika mdomoni. Mashabiki wenyewe hulitumia neno hilo mapema, kabla jirani hajawahi kulisema.

Nikiri upande wangu. Naishi Kent, kusini kidogo mwa Seattle, na mapenzi haya sikuyaingia kwa mlango wa mpira. Niliyaingia kwa mlango wa riadha. Miaka ya 1970 kocha John Chaplin alikuwa akichukua wakimbiaji kutoka Kenya na kuwaleta Pullman. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi wa hapo. Mwaka uliofuata Henry Rono, kijana wa Nandi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000. Hakuwahi kukimbia Olimpiki, kwa kuwa Kenya iligomea ya 1976 na ya 1980. Kwa hiyo miaka yake bora haikuonekana Montreal wala Moscow. Ilionekana akiwa na jezi ya chuo cha katikati ya ngano. Baadaye akaja Bernard Lagat, naye Mnandi, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000 kule Osaka mwaka 2007.

Nimeyataja haya si kwa kujivuna tu (ingawa kujivuna kumo). Nataka ikumbukwe kwamba chuo cha kati kimeishi daima kwa kuokota ambacho wakubwa hawajakiona. Zamani kiliokota Kapsabet, huko Nandi. Siku hizi kinaokota Texas.

Sasa kesi yenyewe. Cameron Ward alipomaliza sekondari huko Texas, chuo kimoja tu ndicho kilichompa nafasi: Incarnate Word, chuo kidogo cha San Antonio. Mwaka 2022 akahamia Pullman, akaongoza mashambulizi kwa misimu miwili, mrushaji ambaye kila Jumamosi alikuwa bora kuliko Jumamosi iliyopita. Kisha akaenda Miami. Aprili 2025 alichaguliwa wa kwanza kabisa kati ya wote walioingia NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Pengo lake Pullman lilijazwa na John Mateer, aliyekuwa amekaa nyuma yake akisubiri zamu. Septemba 14, 2024, timu iliwafunga mahasimu wakubwa, University of Washington, 24 kwa 19, hukohuko Seattle, kwa kuwazuia yadi moja tu kutoka mstarini ikiwa imebaki dakika moja na ushei. Timu ilifika ushindi nane katika mechi tisa. Ilipofika Desemba, Mateer alikuwa anakwenda Oklahoma na kocha mkuu Jake Dickert anakwenda Wake Forest. Aliyemrithi Dickert alikaa msimu mmoja tu, naye akaenda Iowa State.

Mpira wa kikapu haukuwa na nafuu. Machi 2024 timu iliingia mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza tangu 2008, ikashinda mechi moja. Siku chache baadaye kocha Kyle Smith alikuwa amechukuliwa na Stanford.

Wanaolalamika wana hoja, na haifai kudharauliwa kama kilio cha wazee. Wanasema hivi: mchezo wa chuo ulikuwa na thamani kwa sababu ulikuwa na miaka. Kijana alifika na miaka 18, akakaa benchi, akakosea, ukamtukana, akakomaa, na siku ya mwisho mama yake anatembea naye uwanjani huku wewe, usiye ndugu yake, machozi yanakulengalenga. Sheria za zamani ziliilinda miaka hiyo, maana aliyehama ilimpasa kukaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 ikaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na 2024 ikawa mara yoyote. Dirisha la usajili likawa wazi kila mwaka, kwa kila mchezaji. Nani atanunua jezi yenye jina?

Upande wa pili nao una hoja, na kwa maoni yangu ni nzito zaidi. Hiyo miaka tuliyokuwa tukiifurahia ilikuwa ya nani? Kijana alikuwa amefungwa, kocha hakuwa amefungwa. Mike Leach aliondoka Pullman Januari 2020 kwenda Mississippi State na hakuna aliyemwambia akae nje mwaka mmoja. Kocha alilipwa mamilioni. Mchezaji alipewa ada, chakula na kitanda. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 9 kwa 0 dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kuhusu mipaka ya misaada ya masomo kwa wachezaji. Siku chache baadaye, Julai mwaka huohuo, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano ya vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mtu anayeona ubaya hapa aniambie kwanza kama yeye angebaki kazini akiwa halipwi, kwa sababu tu jirani anapenda kumwona akipita.

Na kuna jambo ambalo watu wa Pullman hatupendi kulisikia. Ward hakuzaliwa kwetu. Kuna shabiki wa Incarnate Word, popote alipo San Antonio, ambaye 2022 alimtazama akiondoka kuja kwetu, na sisi siku hiyo hatukusikia mlio wa kifaranga chochote.

Lakini hoja ya miaka, kila nikiipima, haitoshi hata kueleza uchungu wetu wenyewe. Mwaka 2018 alikuja Gardner Minshew, amehitimu East Carolina, alikuwa njiani kwenda Alabama ambako huenda angekaa benchi. Alicheza Pullman msimu mmoja tu. Timu ilishinda mechi 11, rekodi ya chuo, na uwanja mzima ulivaa masharubu ya bandia kama yake, wakiwamo akina mama na watoto wachanga. Miezi michache tu! Hadi leo anapendwa kuliko wengi waliokaa miaka minne. Basi si urefu wa ukaaji unaotuuma.

Kinachouma, nadhani, ni kwamba sasa kuondoka kunafuata kushinda. Zamani msimu mzuri ulikuwa mtaji: vijana wale wale wangerudi mwakani, wakiwa wakubwa kidogo, na ungeweza kukaa na ndoto majira yote ya joto. Sasa msimu mzuri ni tangazo la mnada. Niliyashuhudia mwenyewe siku ile ya 24 kwa 19. Mzee mmoja jirani yangu kwenye viti, amevaa koti jekundu la zamani sana, alishangilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akanigeukia: "Sasa huyu kijana ameshaondoka." Alimaanisha Mateer, ambaye wakati huo alikuwa bado uwanjani akikumbatiana na wenzake. Shabiki amefika mahali anaiogopa furaha yake. Hilo ni jipya, na halikuletwa na wachezaji.

Lililetwa na nini? Pac-12 ilikuwa ligi ya vyuo vikubwa vya magharibi, na Washington State walikuwamo tangu 1917. Juni 30, 2022, UCLA na USC walitangaza kwenda Big Ten, ligi iliyokuwa mbioni kusaini mikataba ya televisheni ya dola bilioni 7 hivi kwa miaka saba. Kiangazi cha 2023 wengine wakafuata, siku moja ya Agosti wakaondoka watano. Kwenye meza ya waliobaki kulikuwa na ofa ya Apple iliyotegemea watu wangapi wangelipia kutazama. University of Washington wakachagua Big Ten, tena kwa kukubali karibu nusu ya mgawo wa wengine kwa miaka ya mwanzo. Nikijiweka kwenye kiti chao sina hakika kwamba ningechagua tofauti. Kati ya vyuo 12 vikabaki viwili, Washington State na Oregon State, si kwa sababu ya kucheza vibaya, ila kwa sababu miji yao haina televisheni za kutosha. Pato la ligi lililozidi dola milioni 30 kwa mwaka likayeyuka. Mchezaji anayeondoka leo anayafuata tu mahindi yalipomwagwa. Aliyelihamisha gunia ni mwingine.

Na gunia hilo halilishi mpira peke yake. Juni 2025 Washington State walitangaza kuondoa mashindano ya kurusha na ya kuruka katika riadha, kupunguza mbio fupi na viunzi, na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Mbio ndefu, yaani chumba cha kina Rono, ndicho kilichoachwa wazi huku vingine vikifungwa, na bado sikujua nifurahi au vipi. Mtupa tufe naye alikuwa na wenyewe.

Watetezi wa hali mpya hupenda kutaja Gonzaga, chuo kidogo cha Spokane, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Pullman. Tangu 1999 hawajakosa mashindano ya taifa ya kikapu, na kocha Mark Few amekataa kuondoka miaka yote hiyo. Mfano mzuri, lakini kikapu kinahitaji vijana wachache, na Few ni mmoja. Huwezi kuipangia timu ya watu mia moja mkakati unaotegemea kwamba bosi wako hana tamaa.

Lipo moja ambalo soko halijaligusa. Tangu Oktoba 2003, shabiki mmoja alipoendesha gari hadi Austin, Texas, bendera ya Washington State hupepea nyuma ya watangazaji wa College GameDay, kipindi cha ESPN cha Jumamosi asubuhi, kila kinaporushwa. Zaidi ya mara 300 sasa. Mashabiki hutumiana bendera hiyo kwa posta kutoka mji hadi mji, na karibu kila mara mechi inayozungumzwa haituhusu kabisa. Wakaja Pullman mara moja, 2018. Huu ni ushamba, sikatai. Lakini ni ushamba usiohitaji mchezaji yeyote abaki.

Yote haya yangenifanya nihukumu kwa urahisi, kuku ni sisi na mwewe ni televisheni, kama si ligi mpya. Pac-12 imejengwa upya kwa ajili ya kuanza Julai 2026. Gonzaga wameingia, na Texas State. Na watano waliobaki, Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State na Utah State, wametolewa wapi? Wote Mountain West, ligi ya wanyonge kuliko sisi, ambayo ilidai fidia ya kunyang'anywa, na Pac-12 ikaenda mahakamani kuipinga. Pullman tulishangilia. Wyoming wameachwa, Nevada wameachwa, New Mexico wameachwa. Huko Laramie, mji wa chuo cha Wyoming, sasa hivi yupo mzee mwenye koti la zamani anayelitaja jina la Pullman kwa sauti ileile tunayolitajia sisi jina la Seattle.