Mafundo ya Perrin: Je, Robert Jordan Aliwachelewesha Wasomaji Wake?

Katika riwaya za Robert Jordan, Perrin Aybara, kijana mhunzi aliyejikuta kiongozi wa jeshi bila kutaka, ana kamba ya ngozi mfukoni. Mkewe, Faile, ametekwa na wapiganaji wa Shaido, na kila siku inayopita bila mke huyo kupatikana, Perrin hupiga fundo moja zaidi katika kamba hiyo, kisha huipapasa kwa vidole kama mtu anayehesabu deni. Hadi Faile anapokombolewa, mafundo hayo hayajafika mia. Msomaji aliyekuwa akinunua vitabu hivyo kadiri vilivyotoka alihesabu tofauti kabisa: Faile alitekwa katika juzuu ya 8, iliyochapishwa mwaka 1998, na akakombolewa katika juzuu ya 11, iliyochapishwa mwaka 2005. Miaka saba ya kusubiri mwanamke mmoja atoke mateka. Malalamiko kuhusu mwendo wa hadithi katika mfululizo wa The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati, kwa kiasi kikubwa yamo katika pengo hilo kati ya kamba ya Perrin na kalenda ya msomaji.

Kwa asiyeufahamu mfululizo huu, ni kazi ya Mmarekani Robert Jordan, jina la uandishi la James Oliver Rigney Jr., mzaliwa wa Charleston katika jimbo la Carolina Kusini. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1990 na ya 14, ambayo ndiyo ya mwisho, mwaka 2013, mbali na riwaya fupi inayosimulia yaliyotangulia. Kwa jumla ni maneno zaidi ya milioni nne. Jordan alifariki mwaka 2007 kabla ya kumaliza, na juzuu tatu za mwisho ziliandikwa na Brandon Sanderson kwa kufuata maandishi na maelekezo aliyoyaacha marehemu. Wapenzi wa mfululizo wana neno lao la Kiingereza kwa sehemu ya katikati, neno lenye maana ya kujikokota kwenye tope, na ubishi wao ni kuhusu mahali tope linapoanzia tu. Wapo wanaosema juzuu ya 7, wengine ya 8. Kuhusu ya 10 sijawahi kukutana na ubishi wowote.

Hiyo juzuu ya 10, Crossroads of Twilight, ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa karibu, kwa sababu hapo hoja ya walalamikaji ina nguvu kuliko mahali pengine popote. Juzuu iliyoitangulia ilifungwa kwa tukio kubwa mno: Rand al'Thor, shujaa mkuu, anaitakasa nusu ya kiume ya nguvu za uchawi, nusu ambayo kwa maelfu ya miaka ilikuwa na sumu iliyowatia wazimu wanaume wote walioitumia. Ulimwengu mzima wa hadithi umebadilika kwa siku moja. Msomaji anakifunga kitabu mwishoni mwa mwaka 2000 akiwa na swali moja tu, nalo ni kuwa kitafuata nini, na anasubiri hadi Januari 2003 kulipata jibu. Anachokuta ni kisengere nyuma cha kitabu karibu kizima. Mwandishi anarudi siku hiyohiyo, au siku chache kabla yake, na kutueleza wahusika wengine walikuwa wapi na walikuwa wakifanya nini. Mmoja baada ya mwingine wanahisi mlipuko wa nguvu ukitokea mbali, wanashangaa, wanajiuliza ni nini hicho, kisha wanaendelea na shughuli zao. Rand mwenyewe haonekani ila kwa nadra.

Sisi tuliosomeshwa fasihi shuleni tunaijua taharuki kuwa ni ile hali ya msomaji kutojua kitakachotokea na kutamani kujua. Jordan aliigeuza kichwa chini: msomaji anajua, na wahusika ndio wasiojua. Mbinu hiyo ina heshima yake katika tamthilia za kale, ambapo hadhira huijua hatima ya mfalme kabla ya mfalme mwenyewe. Lakini huko mfalme anapokuja kujua, kujua kwake kunamwangamiza. Hapa kujua kwa wahusika hakubadilishi mengi. Ukishawaona watu wanne wakilitazama anga na kukunja uso, wa tano hana jipya la kukupa.

Chanzo cha yote hayo ni hesabu, wala si uvivu wa mwandishi. Katika juzuu ya kwanza vijana wanatoka kijiji kimoja, wanasafiri pamoja, wanatengana kwa muda, wanakutana tena. Kufikia juzuu ya 10 hadithi ina misuko mitano au sita mikubwa inayoendeshwa sambamba: Perrin na mkewe, Mat anayesafiri na kundi la sarakasi akiwa na binti mfalme aliyetekwa naye, Elayne anayegombea kiti cha enzi cha Andor, Egwene aliyeuzingira mji wa Tar Valon, Rand na mambo yake. Gawanya kitabu kinene kwa misuko sita, na kila msuko unabaki na kurasa za kijitabu. Kisha kumbuka kwamba kila mara mwandishi anaporejea kwa mhusika analazimika kwanza kumkumbusha msomaji mahali alipomwacha, nani yuko naye, na nani anamchukia nani. Kwa hiyo katika kile kijitabu, sehemu ya mwanzo inakwenda kwa kumbukumbu na ya mwisho kwa kutega swali la juzuu ijayo. Kinachobaki katikati ndiyo hatua halisi ya hadithi, na hatua hiyo ni fupi.

Hata hivyo, upande wa utetezi una ushahidi wake, na ushahidi huo umo ndani ya juzuu hiyohiyo inayodharauliwa. Perrin anafika katika mji uitwao So Habor kununua nafaka kwa ajili ya watu wake. Watu wa mji ni wachafu na wana hofu machoni, mizimu inatembea mitaani, na magunia yanapofunguliwa nafaka imejaa fukusi. Inabidi ipepetwe kabla ya kuondoka nayo. Msomaji mwenye haraka huitaja sura hii kama mfano mkuu wa ubadhirifu wa karatasi: mke yuko mateka, na mume anapepeta nafaka! Mimi naiona kuwa miongoni mwa sura bora za mfululizo mzima. Kwa juzuu kadhaa tumekuwa tukiambiwa kwamba Mwovu anaugusa ulimwengu. Hapa tunauona mguso wenyewe, nao haukuja kama jitu lenye pembe, umekuja kama chakula kinachooza ghalani. Yeyote aliyewahi kufungua gunia la mahindi mwezi wa njaa akakuta unga wa dumuzi hahitaji maelezo zaidi.

Mbele kidogo kuna jambo kubwa kuliko hilo. Katika juzuu ya kwanza, mzee mmoja anayeishi na mbwa mwitu alimwambia Perrin aendelee kubeba shoka lake maadamu analichukia, na siku atakayoacha kulichukia alitupe mbali na kukimbia. Shoka hilo linabebwa juzuu baada ya juzuu. Katika juzuu ya 10 Perrin, akitafuta habari za mkewe, anamkata mateka mkono kwa shoka hilo ili wenzake waseme, kisha anaona alichokifanya, analitupa na kuliacha msituni. Tangu ushauri ule hadi tendo hili ilipita miaka 13 ya uchapishaji. Mwandishi mwenye mbio asingeweza kuliandika tukio hilo likawa na uzito ule, kwa kuwa uzito wenyewe umetokana na kubebwa.

Ndiyo maana sikubaliani na lalamiko la jumla kwamba hadithi ni ya polepole. Juzuu ya kwanza nayo ni ya polepole: inatumia kurasa nyingi kijijini, kwenye baa ya wageni na maandalizi ya sikukuu, na watu wanaipenda. Sikubaliani pia na wanaosema kosa ni kumficha shujaa mkuu. Juzuu ya 3, yenye jina lake la unabii kwenye jalada, ina Rand kwa kurasa chache mno, na bado inakimbia, kwa sababu kila msuko unaelekea ngome moja katika mji wa Tear na msomaji anaiona miguu yote ikikaribia mlango mmoja. Juzuu ya 10 haina mlango huo. Ina wasafiri wengi, kila mmoja na njia yake, na kitabu kinaisha wengi wao wakiwa bado barabarani. Kosa ambalo ningemlaumu nalo mwandishi ni hilo: kuuza kama kitabu kamili kitu ambacho ni sehemu ya katikati ya kitabu kingine. Mtu aliyelipa bei ya kitabu kizima ana haki ya angalau tukio moja lililofungwa.

Lazima niseme pia kwamba mimi nilizisoma juzuu hizi mfululizo, baada ya ya mwisho kuwa tayari imetoka. Ya 10 ilinichukua wiki mbili, nikaingia ya 11 jioni ileile. Tope nililoliona lilinifika kwenye vifundo vya miguu tu. Waliozama hadi kifuani ni wale wa mwanzo. Walizoeshwa vibaya: juzuu mbili zilitoka mwaka 1990, kisha moja kila mwaka hadi 1994. Halafu ikawa 1996, 1998, 2000 na 2003. Mapengo yaliongezeka wakati uleule hatua za hadithi zilipokuwa zikipungua, na hasira yao ni zao la mambo hayo mawili kukutana. Inafaa kukumbuka kwamba tangu juzuu ya 8 kila kitabu kilifika kileleni mwa orodha ya mauzo ya New York Times, ikiwemo hiyo ya 10. Walalamikaji ndio waliokuwa wanunuzi.

Juzuu ya 11, Knife of Dreams, ilikuwa ya mwisho kuandikwa na Jordan mwenyewe. Faile anakombolewa, Elayne anapata kiti cha enzi, Mat anafunga ndoa. Uwezo wa kwenda haraka alikuwa nao siku zote. Na haraka ikizidi nayo huzaa malalamiko: tamthilia ya Amazon iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021 iliisukuma juzuu nzima ya kwanza ndani ya vipindi vinane, na baadhi ya wasomaji walewale waliochoshwa na sura za kuoga za Elayne wakalalamika kwamba wahusika hawakupewa nafasi ya kupumua. Ilisitishwa mwaka 2025 baada ya misimu mitatu, kabla hata ya kulifikia tope.

Kinachoniwezesha kuwa mpole kwa Jordan ni kwamba mwisho upo, nami niliufikia. Hali si hiyo kwa wasomaji wa George R. R. Martin, mwandishi wa mfululizo wa A Song of Ice and Fire. Naye alizidiwa na wingi wa wahusika, akaamua kuwagawa kwa maeneo: kitabu cha mwaka 2005 kikawachukua wa upande mmoja, na cha mwaka 2011 kikawarejesha wa upande wa pili. Aliyemwacha Daenerys, mmoja wa wahusika wakuu wa Martin, mwaka 2000 alimpata tena baada ya miaka 11. Tangu hapo juzuu ya 6 bado inasubiriwa, na hakuna anayeweza kumwambia msomaji huyo kama sura zilizomchosha zilikuwa fukusi tu, au zilikuwa shoka linalobebwa kuelekea mahali fulani.